Mizani, kalipa, sumaku na lenzi: vifaa vinne vya kutambulia vyuma vya mahameni

Chunya, huko Mbeya, imejaa detekta, zile mashine za kutafutia vyuma ardhini. Wachimbaji wadogo wanazo, wanakodishana, na siku hizi zinashuka hadi Usangu, Rungwe na kwenye mahame ya Isimani na Kilolo, mahali watu walipohama wakati wa Operesheni Vijiji wakaacha viwanja, miembe na kila kilichoangukia ardhini. Lakini detekta kazi yake ni kuibua tu. Inalia, unachimba, unabaki na kipande cha kijani au donge la kutu mkononi, na mashine haina tena la kukwambia. Tathmini hii inahusu vitu vinne vinavyoanza kazi hapo detekta inapoishia: mizani ndogo ya dijitali ya gramu 200 inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya plastiki (kipimo chenye meno mawili cha kupimia urefu na upana), sumaku na lenzi ya sonara ya mara 10.

Haviuzwi pamoja. Mizani hupatikana kwa wanaouza vifaa vya masonara na katika baadhi ya maduka ya vifaa vya simu, Mwanjelwa jijini Mbeya na Iringa mjini. Kalipa iko kwenye maduka ya zana za mafundi. Sumaku fundi redio yeyote anayo, kwenye spika iliyokufa. Vyote vinne ukivijumlisha havikaribii hata kidogo bei ya detekta ya kawaida, na kwa kazi ya kutambua vinaizidi kwa mbali.

Tuanze na mizani, maana ndiyo roho ya kazi. Zipo aina mbili zinazofanana kwa sura: moja inasoma hadi 0.1, nyingine hadi 0.01. Usinunue ya 0.1 hata ukipunguziwa bei. Sababu utaiona kwenye kipimo cha maji. Mizani ya 0.01 inakula betri mbili ndogo, ina kifuniko kinachogeuka kuwa sahani, na kasoro zake zinajulikana. Ukiiweka kwenye meza iliyoinama inadanganya. Upepo wa dirishani unaichezesha tarakimu ya mwisho. Betri zikikaribia kufa namba hutambaa zenyewe bila kitu kuguswa. Ukiitoa kwenye baridi ya asubuhi ya Makete au Njombe ukapima papo hapo, itayumba; iwashe, iache dakika chache ndani ya chumba kisha uanze.

Nyingi huja bila jiwe la kusawazishia, na hapo watu hukwama. Njia rahisi ni bomba la sindano la ml 10 kutoka duka la dawa. Pima bomba tupu, lijaze maji safi hadi mstari wa 10, futa matone ya nje, pima tena. Tofauti inatakiwa iwe karibu gramu 10. Sarafu ya sasa ya shilingi 500 nayo inasaidia, kwa kuwa imetengenezwa kwa gramu 9.5. Ukiona mizani inasoma 9.1 kwenye vyote viwili, irudishe dukani.

Sasa faida yake. Sarafu ndizo mali inayotoka mahameni kwa wingi baada ya misumari, na sarafu zilitengenezwa kwa uzito maalumu. Rupia ya Mjerumani ni fedha ya 917 katika 1000, gramu 11.66, upana takriban milimita 30.5. Zilizotolewa na kampuni ya Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft kuanzia 1890 zina simba na mnazi upande mmoja, kwenye nembo. Za serikali, kuanzia 1904, zimeandikwa Deutsch Ostafrika. Upande wa pili zote zina Kaizari Wilhelm II akiwa na kofia ya chuma yenye tai juu. Rupia ya India ya Malkia Victoria nayo ni gramu 11.66 za fedha ileile, na ilizunguka huku huku. Hapo mizani haiwezi kukuamulia, lazima utazame sura: mwanamke mwenye taji au mwanamume mwenye kofia. Rupia iliyochakaa sana hupungua kidogo, lakini ikisoma gramu 9 na ushee, hiyo si fedha.

Senti moja ya Kijerumani, yaani heller 1, ni bronzi ya gramu 4 na upana wa milimita 20. Ina taji upande mmoja. Heller 5 za 1908 na 1909 ni jisarafu zito la karibu gramu 20 na upana wa milimita 37, na kwa sababu ya ukubwa wake wengi hudhani ni medali. Hesabu ya heller 100 kwa rupia ilianza 1904. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64. Hiyo pesa ya shaba ndiyo inayochanganya watu kuliko sarafu nyingine yoyote, kwa kuwa upande mmoja umejaa maandishi ya Kiarabu. Huambiwa ni ya Waarabu wa Unguja. Igeuze: ukiona tai mwenye taji juu yake na maandishi ya Kijerumani, ni ya kampuni, ya kati ya 1890 na 1892. Pesa ya Sultani Barghash ina picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni sawa na 1882.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa Mwingereza ina gramu 7.78, upana karibu milimita 28. Za kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu, sehemu kubwa ya kilichobaki ikiwa shaba. Ndiyo maana zikikaa udongoni zinatoka na ukoko wa kijani na wekundu kwenye kingo, na watu huzitupa wakidhani ni shaba tupu. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli.

Kipimo cha maji ndicho kinachoihalalisha ile sifuri-nukta-sifuri-moja. Weka kikombe kidogo cha plastiki chenye maji kama ml 100 juu ya mizani, tia tone moja la sabuni ya vyombo ili mapovu yasing'ang'anie, kisha bonyeza kitufe cha T ili isome sifuri. Funga kitu chako kwa uzi mwembamba, kining'inize ndani ya maji kizame chote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Namba inayotokea ni ujazo wa kitu hicho kwa mililita. Gawanya uzito wake wa nje kwa namba hiyo, umepata densiti. Chukua bangili ya gramu 42.60: mizani ikisoma 4.95, densiti ni 8.6, hiyo ni shaba ya njano. Ingesoma 4.75, ungekuwa karibu 9.0, shaba nyekundu. Tofauti yote ni 0.20, na mizani ya 0.1 ingekuacha ukibahatisha. Kumbuka namba hizi: alumini 2.7, zinki 7.1, chuma 7.9, shaba ya njano 8.4 hadi 8.7, shaba nyekundu 8.96, fedha safi 10.5, risasi 11.3, dhahabu safi 19.3. Rupia halisi itakupa 10.3 hivi.

Kipimo hiki hufeli kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza ni hewa iliyonaswa: bangili za udodi, yaani waya mwembamba, zilizosokotwa juu ya nyuzi au singa hubeba hewa ndani, densiti inashuka bila ukweli wowote. Ya pili ni ukoko mnene wa udongo na kutu. Kitu chenye ukoko kitasoma chepesi kuliko kilivyo, na hakuna ujanja wa mizani unaoweza kurekebisha hilo.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi, kwa sababu watu wanapoteza ng'ombe na mashamba kwa kutapeliwa. Rupia "inayovuta mchele" au inayovuta sindano haipo. Fedha haivuti sumaku wala haivutwi. Sarafu inayovuta sindano ina chuma ndani yake na imetiwa usumaku. Maana yake ni bandia, na anayeiuza anajua. Hali kadhalika sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Ipo kweli, ina gramu 7.17 na upana wa karibu milimita 22. Nakala ya shaba ya njano yenye ukubwa huohuo haifiki hata gramu 5. Muuzaji akikataa isipimwe, umeshapata jibu. Heller 20 na heller 5 za shaba za mwaka huohuo, zenye herufi T, zilipigwa kwa haraka wakati wa vita, kwa hiyo ukiona maandishi yamefifia au yamekaa kombo usizikatae kwa sababu hiyo peke yake.

Kalipa ya plastiki tunaipendekeza kuliko ya chuma. Ya chuma ni sahihi zaidi, lakini meno yake yanakwaruza shaba iliyolainika kwa kukaa udongoni, na kwa kazi hii usahihi wa milimita 0.1 unatosha kabisa. Umuhimu wake unaonekana kwenye maganda ya risasi. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland na Rhodesia, likapita Tukuyu, Njombe na Malangali hadi kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti. Maganda yamebaki kila mahali lilipopita, na mtu anayeokota huyaita yote "ya Mjerumani". Pima urefu na upana wa kitako. Ganda la milimita 57 lisilo na ukingo uliojitokeza, kitako karibu milimita 12, ni la Mauser ya milimita 7.92, bunduki ya Kijerumani ya wakati huo. La milimita 56 lenye ukingo uliojitokeza, kitako milimita 13.7, ni la bunduki ya .303 ya Mwingereza. La milimita 60, nene, lenye ukingo wa karibu milimita 15, ni la Mauser ya mwaka 1871, ile ya baruti ya moshi waliyopewa askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Kijerumani. Ganda lililobanwa au kukanyagwa mdomoni hupoteza urefu, kwa hiyo amini kitako kuliko urefu.

Hayo yote ni kwa ganda tupu. Likiwa bado na kichwa chake, kalipa iweke mfukoni. Usilisugue, usilipashe moto ulikaushe, usilibane kwenye jiliwa. Kitu chochote chenye umbo la kombora au guruneti kiache palepale, weka alama ya miti mbali kidogo, mwambie mwenyekiti wa kijiji aite polisi. Miaka 100 udongoni haijaifanya baruti kuwa salama.

Sumaku ya spika inatosha. Zile ndogo zinazong'aa, za neodimiamu, zina nguvu kupita kiasi kwa kazi hii: zikiruka kwenye kipande chembamba cha kutu zinakivunja, na zikinasana na mkuki hutazibandua bila kung'oa ganda la juu. Ivike sumaku mfuko mwepesi wa plastiki, ili vumbi la chuma litoke ukivua mfuko. Vumbi hilo ndilo kosa kubwa la waanzaji. Udongo mwekundu wa huku una chembe za chuma zinazovutwa na sumaku, hivyo kitu cha shaba chenye udongo kinaweza kuonekana kinavutwa kidogo. Kioshe kwanza kwa maji, kikauke, ndipo ujaribu tena. Heller zote, senti zote za tundu za Mwingereza, rupia na pesa hazitakiwi kunasa. Sarafu ikinasa kwa nguvu, ni chuma kilichovikwa, na mara nyingi ni sarafu yetu wenyewe ya miaka ya 1980 au baadaye. Kwa vichwa vya risasi sumaku ni hodari: kichwa cha Mauser 7.92 kina koti la chuma chini ya ngozi ya shaba na nikeli, kinanasa, cha .303 hakinasi.

Lenzi ya mara 10 ina kanuni moja: iweke karibu kabisa na jicho, kisha sogeza kitu hadi kionekane, kama sentimita 2 na nusu. Zile zilizoandikwa 30 au 40 kwenye fremu ni kubwa kwa maandishi tu, picha yake imepinda kingoni. Kwenye bangili na masango (mapambo ya waya mnene), waya uliovutwa kiwandani una mistari myembamba sana inayokwenda urefu wote wa waya. Uliofuliwa na mhunzi una vibapa vya nyundo visivyolingana. Kwenye sarafu tafuta vishimo vya mviringo kama matundu ya sindano: hivyo ni mapovu ya kumimina, na sarafu halisi hazikumiminwa, zilipigwa. Herufi ndogo A au J kwenye heller inakwambia ilipigwa Berlin au Hamburg.

Lenzi pia inaua uongo wa "ya Mjerumani" kwenye taa, vikufuli na visu. Kandili lenye chapa Feuerhand ni la Kijerumani, ndiyo, lakini kiwanda kiliendelea kutengeneza hadi leo. Ikisomeka Western Germany, kitu hicho ni cha baada ya 1949, na mkoloni Mjerumani alishaondoka zamani.

Kwenye chuma cha kutu vifaa hivi vinne vinaishiwa nguvu, na ni haki kulisema. Jembe halipimiki kwenye mizani ya gramu 200, na hata lingepimika, kutu imeshakula uzito. Udongo wenye asidi wa Rungwe na Mufindi, kule kwenye chai, unakula chuma upesi. Isimani, kwenye ukame, vyuma hutoka vikiwa na sura. Kwa majembe tumia macho. Lenye tundu la mpini la duara ni la kiwandani: tafuta mamba, chapa ya Chillington ya Uingereza, au UFI ya Ubungo, au ZZK ya hapahapa Mbeya. Jembe la mhunzi lina umbo la jani au moyo na mkia mrefu uliochongoka, uliochomekwa kwenye rungu la mpini. Mahali kutu ilipobanduka, chuma cha kienyeji huonyesha nyuzi nyuzi kama za mbao, kwa sababu mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia, yalibaki ndani na kunyooshwa na nyundo. Chuma cha kiwandani hukatika kwa vigamba au vishimo.

Ukikuta mavi ya chuma yenyewe, mabonge meusi mazito yenye kung'aa kama chupa, pamoja na vipande vya mabomba ya udongo yaliyoungua ncha, umefika kwenye tanuru. Wapangwa wa Ludewa na Wafipa walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Acha kuchimba. Thamani ya mahali hapo iko katika mpangilio wa vitu ardhini, na ukishauchimbua hakuna mtu atakayeweza kuusoma tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni. Toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya au kwenye makumbusho: Iringa Boma ipo mjini, na Kalenga ipo kwa mambo ya Mkwawa. Pia hame lina mwenyewe na lina makaburi. Anza na ukoo na serikali ya kijiji kabla ya kuwasha mashine yoyote.

Wauzaji wengine wa mizani hukuongezea kitambaa au chupa ya dawa ya kung'arisha kama zawadi. Kataa. Pima kabla ya kusafisha, na kusafisha kwenyewe kuwe maji na mswaki laini tu. Siki, limau, majivu na stili waya hula maandishi yaleyale unayotaka kuyasoma, na sarafu iliyosuguliwa ikang'aa mnunuzi anayejua haitaki. Chuma kikaushe kivulini polepole, kiweke kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kitazame kila wiki: matone ya kahawia yakijitokeza juu yake, kutu bado inaendelea ndani.

Kwa jumla, mizani inastahili pesa yake yote, kalipa vilevile, sumaku usiinunue maana ni ya bure, na lenzi inunue tu baada ya kuijaribu. Kumbuka mizani hii ni ya kujitambulia nyumbani. Ukitaka kuuza au kununua kwa gramu, iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Dukani nenda na shilingi 500 mpya kidogo na bomba la sindano la maji. Pima sarafu katikati ya sahani, kisha kwenye kila kona nne. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya 0.03, omba nyingine. Lenzi isomee maandishi madogo ya noti, na kalipa ifunge kabisa uitazame kwenye mwanga: mwanga ukipenya kati ya meno yake, imepinda.